Maneno Manne na Miaka Elfu

Miongoni mwa nyakati ambazo mwanafunzi wa Kiingereza hutakiwa kuzihifadhi, hapana wakati ulio mrefu kwa umbo na adimu kwa matumizi kama ule uitwao wakati ujao timilifu wenye kuendelea. Mwalimu huuandika ubaoni kwa maneno manne, "will have been working", na darasa huyakariri mfululizo kana kwamba ni neno moja lenye viungo vinne. Mwanafunzi hujifunza kwamba la kwanza ni "will", la pili ni "have", la tatu ni "been", na la nne ni kitenzi chenyewe kilichoongezewa "-ing". Hujifunza pia kwamba mpangilio huo haubadiliki kwa nafsi yoyote: mimi, wewe, yeye na wao wote huchukua umbo lile lile. Baada ya hapo hufanya zoezi, hupata alama zake, akasahau.

Si ajabu, basi, kwamba wengi huudhani wakati huu kuwa kazi ya baraza la wanazuoni, waliokaa siku moja wakaugawa muda vipande kumi na viwili, wakakipa kila kipande vazi lake. Historia yakataa dhana hiyo. Maneno yale manne hayakuzaliwa pamoja, wala hayakuagizwa na mtu yeyote. Kila moja lilikuwa na kazi yake ya nyumbani kabla ya kuitwa katika utumishi wa sarufi, na miaka karibu elfu moja ilipita kabla ya yote manne kuzoeana katika safu moja. Waliowakutanisha ni wasemaji wa kila siku. Wanasarufi walifika baadaye, na wengi wao walifika na kipimo kisichofaa.

Makabila ya Kijerumani yaliyohamia Uingereza katika karne ya 5 yalikuja na lugha ambayo kitenzi chake kilikuwa na nyakati mbili tu kwa umbo: uliopo na uliopita. Umbo la wakati ujao halikuwako. Aliyetaka kusema kwamba kesho atasafiri alisema kwa umbo la wakati uliopo, na neno "kesho", au mwenendo wa mazungumzo yenyewe, likamwelekeza msikilizaji. Hapana dalili kwamba watu hao walishindwa kupanga mavuno yao, kuahidiana ndoa au kutishana vita kwa sababu ya upungufu huo. Mambo yajayo waliyajua na waliyasema. Ila hawakuyafunga katika kitenzi.

Upungufu ulianza kuonekana siku Kiingereza kilipowekwa kando ya Kilatini. Kiasi cha mwaka 998, mtawa mmoja aitwaye Ælfric, aliyekuwa akifundisha katika nyumba ya watawa ya Cerne kusini mwa Uingereza, aliandika sarufi ya Kilatini kwa lugha ya Kiingereza ili vijana wa Kiingereza wapate kujifunza. Kilatini kilikuwa na umbo maalumu la wakati ujao na jingine la wakati ujao uliotimia, kila moja likiwa neno moja lenye mwisho wake. Ælfric alipofika hapo alikuwa na njia mbili: kubuni umbo jipya la Kiingereza lifanane na la Kilatini, au kutumia kile ambacho vijana walikuwa nacho vinywani. Alichagua njia ya pili. Alikitaja kitenzi kwa umbo la wakati uliopo, kisha akaongeza maneno ya kueleza, kwa mfano "leo au kesho", au "sasa hivi au wakati fulani". Hakuiona lugha yake kuwa maskini. Aliona kwamba lugha moja hutia katika kitenzi kile ambacho nyingine hukitia nje yake. Busara hiyo ya mtawa wa karne ya 10 ilikuja kusahauliwa na wengi waliomfuata.

Wakati huo huo, maneno mawili yalikuwa yakijongea taratibu kuelekea mahali palipokuwa wazi. La kwanza ni "willan", lililokuwa na maana ya kutaka. La pili ni "sculan", lililokuwa na maana ya kuwiwa, yaani kuwa na deni juu yako, na kwa hiyo kulazimika. Mtu anayetaka jambo yamkini atalitenda. Na mtu anayewiwa jambo hapana budi atalitenda. Hivyo kutaka na kuwiwa vyote viwili huitazama kesho, na polepole masikio ya watu yakazoea kusikia kesho ndani yake hata pale ambapo hapakuwa na hamu wala deni. Mvua haina hamu ya kunyesha, lakini Mwingereza husema "it will rain". Katika miaka ya 1380, wafuasi wa John Wycliffe walipoitafsiri Biblia kutoka Kilatini, walilitumia "shall" kwa wingi mno kila walipokuta wakati ujao wa Kilatini, na kazi hiyo yaonyesha kwamba deni la kale lilikuwa limekwisha kugeuka alama ya muda.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa mgeuko kama huo. Kiungo "-ta-" katika "atakuja" hufikiriwa na wataalamu kuwa kilitokana na kitenzi "taka". Aliyesema zamani kwamba mtu ataka kuja alikuwa akieleza nia. Asemaye leo kwamba mvua itanyesha haelezi nia ya mvua. Lugha mbili zisizo na nasaba moja, moja katika kisiwa chenye baridi na nyingine katika pwani ya Bahari ya Hindi, zilichimba kisima cha wakati ujao mahali pamoja, nacho ni moyo wa mtu mwenye kutaka.

Neno la pili katika safu, "have", lilikuja kwa njia ya mali. Katika Kiingereza cha kale mtu aliweza kusema maneno yenye maana hii: ninaye samaki aliyevuliwa. Mkazo ulikuwa juu ya samaki na juu ya kuwa naye. Neno "aliyevuliwa" lilikuwa sifa ya samaki, na mara nyingine lilibadilika umbo ili lipatane naye. Lakini mtu aliye na samaki aliyevuliwa aghalabu ndiye aliyemvua, na baada ya vizazi vingi msikilizaji akaacha kumwangalia samaki mkononi, akaliangalia tendo lililokwisha. Kutoka "ninaye samaki aliyevuliwa" lugha ikafika "nimevua samaki". Tangu hapo "have" likaweza kuandamana hata na vitenzi visivyoacha kitu chochote mkononi, kama vile kulala na kukimbia. Vitenzi vya mwendo vilichelewa. Navyo vilishikamana na "be" kwa muda mrefu, na athari zake zaonekana katika Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611.

Maneno ya tatu na ya nne, "been" na kitenzi chenye "-ing", yana historia ambayo wataalamu hawajaafikiana juu yake hata leo. Kiingereza cha kale kilikuwa na namna ya kusema kwamba mtu fulani alikuwa mwenye kupigana, kwa kitenzi "kuwa" na neno lililoishia kwa "-ende". Kilikuwa pia na namna ya kusema kwamba mtu yumo katika kuwinda, kwa kihusishi na jina la tendo. Namna hii ya pili ilifupishwa vinywani mwa watu mpaka kihusishi chote kikabaki irabu moja, "a-hunting", na katika semi za kale na lafudhi za mashamba irabu hiyo ilidumu muda mrefu. Namna zile mbili zilikaribiana kwa sauti na kwa maana hata zikawa kama mito miwili iliyomwaga maji katika bwawa moja. Hapana awezaye kuchota kikombe akasema maji haya ni ya mto fulani. Lililo hakika ni kwamba umbo hilo la kuendelea lilikuwa haba katika maandishi kwa karne nyingi, likaongezeka sana baada ya mwaka 1700.

Hivyo vipande vilikuwa tayari: kutaka au kuwiwa, kuwa na kitu, kuwa, na kumo katika tendo. Kilichosalia ni kuviunganisha. Katika karne ya 14 kipande cha kutimia kilikuwa kimekwisha kuunganishwa na kipande cha kuendelea. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliwatia maneno ya namna hiyo vinywani mwa wajane katika hadithi ya shujaa Theseus: wanamweleza kwamba wamekuwa wakimngoja hekaluni kwa muda wa majuma mawili. Yafaa mwanafunzi akiangalie kisa hicho kwa makini. Wajane hawakutaka kusema tu kwamba walimngoja, wala kwamba wanamngoja. Walitaka urefu wa kungoja kwao uonekane, nao uchungu wao ulikuwa katika urefu huo. Haja hiyo ya kuupima muda wa tendo lenye kudumu ndiyo iliyozaa umbo hilo. Umbo lililohesabu ngojeo mpaka sasa lilihitaji kutanguliziwa alama ya wakati ujao tu, ili lihesabu ngojeo mpaka siku ambayo haijafika. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hiki kilijazwa na mikono isiyojua kwamba inajaza.

Wanasarufi nao walikuwa wakifanya nini? Sarufi ya kwanza ya Kiingereza iliyochapishwa, ya William Bullokar, ilitoka mwaka 1586, nayo ilifuata mfano wa vitabu vya kufundishia Kilatini. Mwaka 1653 John Wallis, mwanahesabu wa Oxford, alitoa sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini, na humo akaweka kanuni ambayo iliwatesa wanafunzi kwa zaidi ya miaka 250. Katika nafsi ya kwanza, alisema, "shall" hutabiri tu, na "will" huahidi au hutisha. Katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka, "will" ikatabiri na "shall" ikaahidi au kutisha. Kwa sababu ya kanuni hiyo, vitabu vya zamani vya shule huandika "I shall have been working" mahali ambapo vitabu vya leo huandika "I will have been working". Walimu walikuwa na kisa walichokisimulia ili kuikazia: mgeni alitumbukia mtoni, akapiga kelele "I will drown, nobody shall save me", na Waingereza waliokuwa ukingoni, wakiwa watu wa adabu na wenye kuheshimu sarufi, wakaelewa kwamba anataka kuzama na anakataza kuokolewa, basi wakamwacha. Kisa hiki ni cha mzaha, lakini mzaha wake wawaelemea walioiweka kanuni kuliko aliyezama. Mwaka 1925 Charles Fries, mtaalamu wa Kimarekani, alichunguza matumizi ya maneno hayo katika tamthilia za Uingereza na Marekani, akaonyesha kwamba watu hawakuwa wakisema kama kanuni ilivyoamuru.

Kati ya Wallis na Fries alitokea mtu aliyeona mbali. Joseph Priestley, ambaye dunia humkumbuka kwa uchunguzi wake wa hewa ya oksijeni mwaka 1774, alikuwa mwalimu pia, na mwaka 1761 alitoa kitabu kidogo cha sarufi ya Kiingereza. Humo alidai kwamba Kiingereza hakina haja ya kujitwika wakati ujao kwa kuwa Kilatini kinao, maadam kitenzi cha Kiingereza chenyewe hakibadiliki umbo kuuonyesha. Na kwamba mwamuzi wa lugha ni desturi ya wasemao. Sauti yake haikushinda wakati ule. Mwaka 1795 Lindley Murray, mwanasheria wa Kimarekani aliyehamia karibu na mji wa York, alitoa sarufi yenye nyakati sita, ambamo mlikuwa na wakati ujao wa kwanza na wakati ujao wa pili. Kitabu hicho kilichapishwa tena na tena, kikatawala madarasa ya pande zote mbili za Bahari ya Atlantiki. Mizani yake ilikuwa ya Kilatini, na katika mizani ya nyakati sita, umbo la kutimia na kuendelea halikuwa na sahani yake. Ilipofika karne ya 20, Otto Jespersen wa Denmark alirejea karibu na mahali aliposimama Priestley: Kiingereza, alisema, hakina wakati ujao ulio wake hasa, bali kina njia kadhaa za kuyasema mambo yajayo.

Baada ya kuzijua asili za vipande hivi, matumizi yake hayana fumbo. Mwalimu aliyeanza kazi Januari 2010, na akaendelea nayo, ataambiwa hivi: "By January 2030 she will have been teaching for twenty years". Katika tungo hii mna nukta tatu za muda. Mwanafalsafa Hans Reichenbach alizipambanua nukta za namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1947: nukta ya kusema, nukta ya tendo, na nukta ambayo msemaji husimama kwa fikira ili kulitazama tendo. Msemaji wa tungo hii yuko leo. Kwa fikira amekwenda kusimama Januari 2030. Na kutoka huko anageuka nyuma kulitazama tendo lililonyooka tangu 2010. "Will" humpeleka mbele, "have" humgeuza nyuma, na "been teaching" humwonyesha tendo katika urefu wake. Si lazima tendo liwe limeanza zamani. Mwalimu atakayeanza mwaka 2028 ataweza kuhesabiwa vivyo hivyo. Wala si lazima tendo likome ifikapo nukta ile. Huenda mwalimu akaendelea kufundisha kwa miaka mingine kumi.

Kwa sababu hiyo umbo hili hupenda kuandamana na maneno ya vipimo: "for" kwa muda, "by" kwa kikomo. Palipo na hesabu ya vitu, Kiingereza hurudi kwenye umbo fupi. Karani atakuwa ameandika barua tatu, "will have written three letters". Lakini atakuwa na saa tatu za kuandika, "will have been writing for three hours". Vitenzi vya hali, kama kujua na kumiliki, navyo kwa kawaida hukataa umbo la kuendelea, kwa kuwa kujua hakuna hatua za kuendelea. Katika kukanusha, "not" hufuata "will" papo hapo. Katika kuuliza, "will" hutangulia mtenda. Na baada ya maneno ya "by the time", kitenzi cha kishazi hicho hubaki katika wakati uliopo: "By the time you arrive, I will have been waiting for two hours". Wengi hulihesabu jambo hilo kuwa kioja, kumbe ni mabaki ya desturi ya kale, pale ambapo wakati uliopo ulitosha kuibeba kesho. Ælfric angeielewa sehemu hiyo ya tungo bila kufundishwa.

Liko pia tumizi la pili, ambalo vitabu vingi vya shule hulipitia haraka. Mwenyeji amwonapo mgeni mwenye vumbi na uchovu mlangoni, huweza kusema "You will have been travelling all night". Hapo hapana wakati ujao hata kidogo. Safari imekwisha, na mgeni amefika. "Will" hapo ni ya kukisia. Tumizi hili lina ndugu yake kamili katika Kiswahili, maana mwenyeji wa Mombasa au Zanzibar naye husema, "Bila shaka mtakuwa mmesafiri usiku kucha". Mwenye kusadiki kwamba "will" ni alama ya kesho peke yake atashindwa kueleza tungo hii. Mwenye kuijua historia ya neno hatashangaa, kwani jambo lijalo na jambo lisiloonekana yote mawili ni mambo ambayo mtu huyasema bila kuyaona.

Swali ambalo mwanafunzi wa Afrika Mashariki huulizwa mara kwa mara ni je, Kiswahili kina wakati huo? Swali lenyewe ni lile lile ambalo Kiingereza kiliulizwa mbele ya Kilatini, na lina hatari ile ile. Atafutaye maneno manne ya Kiswahili yalingane moja kwa moja na yale ya Kiingereza atatoka mikono mitupu, na huenda akadhani kwamba lugha yake imepungukiwa. Lakini asemaye kwamba "ifikapo Januari 2030 atakuwa ametimiza miaka ishirini akifundisha" hajapungukiwa na chochote. Nukta ya mbele imo katika "atakuwa", kutimia kumo katika "ametimiza", na kuendelea kumo katika "akifundisha". Pengine Kiswahili huhitaji maneno machache zaidi, kwa kuwa "-me-" katika vitenzi kama "kaa" na "lala" hubeba hali inayodumu: "atakuwa amekaa Tanga miaka kumi" yatosha, wakati Kiingereza husema "will have been living". Hata "-me-" yenyewe hufikiriwa kuwa masalio ya kitenzi cha kale cha kumaliza. Nayo basi ilikuwa mtumishi wa nyumbani kabla ya kuwa mtumishi wa sarufi.

Lugha haipimwi kwa kibaba cha jirani. Wanazuoni waliokipima Kiingereza kwa kibaba cha Kilatini walikiona kina njaa, na wakati huo huo wakulima, wajane na wachuuzi wake walikuwa wakikipika chakula ambacho Kilatini hakikuwa nacho. Mwanafunzi atakayeyaandika yale maneno manne katika daftari lake na ayakumbuke hivyo: kutaka, kuwa na kitu, kuwa, na kumo katika tendo. Akiyajua kwa asili zao hatakuwa na haja ya kuyakariri; na akirudi katika lugha yake mwenyewe, atakuwa amejifunza kuuliza si kile inachokosa, bali mahali inapoweka kile ambacho nyingine huweka penginepo.